Swichi ya Ukumbini

Ufa ulianzia juu ya mlango,
nikaufunika kwa kalenda.
Kila Desemba nilitundika mpya, kubwa zaidi,
na ufa nao ukawa unasoma tarehe,
hadi siku moja ukachungulia chini ya mwezi wa tatu.
Wahenga walitaja ufa na ukuta.
Kalenda hawakuitaja.

Nyumba yetu ni ya magogo, Mtaa wa Maharage,
mjini Tartu, si mbali na mto;
majirani zetu wako Mtaa wa Njegere, na juu kidogo Viazi.
Likizo ya Julai tukasema: sasa.
Shemeji Priidik alikuja na mtaimbo na kaptura,
akapiga ukuta wa jikoni mara moja tu
na plasta yote ikashuka kama mtu aliyechoka kusimama.
Tukatazamana, nywele nyeupe sote,
tumezeeka kwa dakika moja.

Binti yangu Säde alichuna karatasi za ukutani,
tabaka saba: maua, mistari, maua,
kahawia ile iliyokuwa katika kila nyumba,
maua tena, na chini kabisa gazeti
lenye tangazo la mtu aliyepoteza baiskeli.
"Aliipata?"
Hakuna aliyejua.

Kazi ya nyufa tuliiweza. Priidik alisokomeza katani
kati ya gogo na gogo, akiimba vibaya,
mama mkwe akatupikia supu ya njegere
kwa kuheshimu mitaa.
Ila gogo la chini kabisa lilikuwa limeoza,
kidole kilizama kama kwenye keki.
Hilo halikuwa letu. Akaja Uku, seremala,
mtu wa maneno manne kwa siku,
mawili yakiwa "shika hapo".
Aliinua nyumba kwa jeki mbili, sentimita moja,
na vikombe vyote kabatini vikanong'ona.

Kisha umeme.
Baba aliendesha basi miaka thelathini na moja,
lakini umeme, alisema, anaujua.
Nilimwita Jelena hata hivyo, fundi mwenye leseni,
anayevua viatu mlangoni hata pasipo sakafu.
Alizima kila kitu. Akapanda ngazi.
Akakaa kimya huko juu, kimya cha daktari,
akashuka na kipande cha waya:
shaba na alumini, vimesokotwa kwa mkono,
vimefungwa plasta, ile ya kidonda,
imeungua ukingoni.
"Nani alifunga hii?"

Priidik alitazama dirisha. Mimi, ndoo.
Baba akainuka; magoti yake yalichukua muda.
"Mimi. Mwaka sabini na tisa.
Mke wangu alitaka taa ya kusomea."

Jelena alikigeuza kile kipande, akakigeuza tena.
Angeweza kusema mengi; leseni inamruhusu.
"Imeshika miaka arobaini na zaidi," alisema.
"Baridi nyingine moja isingeshika."
Akakiweka kiganjani mwa baba, akamfumba vidole.

Wiki nzima baba alimshikia tochi.
Alimweleza rangi za nyaya za zamani,
yeye akamweleza za sasa,
na mara nyingine nilisikia wakibishana juu ya kahawia.
Siku ya mwisho Jelena alimpa bisibisi
na swichi moja, ya ukumbini,
akasimama nyuma yake, mikono kifuani.
Alikagua mara mbili.
Mara ya tatu alijifanya anafuta vumbi.

Ankara zilikuja Septemba. Nilizisoma nimeketi.
Ya Uku ilikuwa na mistari mitatu,
wa mwisho: punguzo, vikombe viwili, samahani.
Katika ya Jelena swichi ile haimo.

Imekaa upande, kama kofia ya baba.
Pimamaji ninalo, bisibisi ninayo.
Usiku naipapasa gizani
na kuipata palepale
ilipokosewa.